Flashi inawaka, picha nyeusi: Pentax Spotmatic ya mtumba

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Asahi Pentax Spotmatic ya mtumba pamoja na flashi ya Vivitar 283 na waya wake. Roli ya kwanza nilipiga nje mchana, picha zimetoka safi. Ya pili nikaenda nayo kwenye harusi ya binamu yangu, ukumbini, usiku. Flashi iliwaka kila mara, watu walikuwa wanapepesa macho, lakini picha zote za mwanzo ni nyeusi. Katikati ya sherehe waya ulichomoka, nikaurudisha, na kuanzia hapo picha zikawa nusu nusu: upande mmoja bibi harusi anaonekana, upande wa pili giza limekatwa kama kwa kisu. Kasi niliweka 125, yaani 1/125 ya sekunde. Fundi wa mtaani kwetu anasema flashi imekufa na anataka kuifungua. Nimpe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usimpe.

Flashi iliyokufa haimpepesi mtu macho. Umeandika mwenyewe kwamba iliwaka kila mara, kwa hiyo taa ni nzima. Tatizo ni kwamba iliwaka wakati shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, halikuwa tayari kuipokea. Ushahidi nao umeuweka kwenye barua yako bila kujua: waya ulichomoka, ukaurudisha, na picha zikabadilika tabia. Ninachoamini ni kwamba uliurudisha kwenye tundu jingine.

Chukua tochi uangalie mbele ya kamera, ubavuni. Utaona matundu mawili madogo ya duara, yanafanana kama mapacha. Moja limeandikwa FP, jingine X. Kwenye kamera za mtumba rangi ya herufi hizo mara nyingi imefutika au imejaa uchafu, hivyo pangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo ndipo usome.

Spotmatic ilitoka mwaka 1964. Siku hizo wapiga picha wengi walikuwa bado wanatumia balbu za flashi, zile za kioo zinazoungua mara moja na kutupwa. Balbu haikolei papo hapo. Inashika moto kwanza, ndipo mwanga upande. Kwa hiyo tundu la FP hupeleka umeme mapema, kabla pazia la shata halijafunguka, ili pazia likianza safari likute balbu imeshakolea. Flashi yako ya elektroniki haina subira hiyo. Mwanga wake wote huisha ndani ya takriban 1/1000 ya sekunde, mara nyingine hata chini ya hapo. Ukiichomeka FP inawaka, wageni wanapepesa, inazimika, kisha ndiyo pazia linafunguka. Filamu haikuona kitu. Hizo ndizo picha zako nyeusi za mwanzo. Zitazame kwenye negativu: utakuta fremu hizo ni nyeupe, zinapenya mwanga kama plastiki tupu.

Waya ulipochomoka ukaurudisha, sasa ukaingia X, mahali pake. Kosa la kwanza likaisha, likajitokeza la pili ambalo muda wote lilikuwa limejificha nyuma ya lile: kasi ya 125.

Shata la Spotmatic ni mapazia mawili ya kitambaa yanayokwenda kwa upande, kufuata urefu wa fremu, milimita 36. La kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Kwenye kasi ndogo, la kwanza hufika mwisho wa safari kabla la pili halijaondoka, na kwa kitambo kifupi filamu yote iko wazi. Tundu la X linaiwasha flashi kwenye kitambo hicho. Kwenye kamera hii mwisho ni 60. Ukipanda 125, pazia la pili linaondoka la kwanza likiwa bado njiani, na flashi inapowaka sehemu ya filamu imeshafunikwa. Ndiyo maana mkato wake umenyooka kama wa kisu: ni ukingo wa pazia lenyewe. Ukipanda 250 giza linaongezeka, na kwenye 1000 utabaki na utepe mwembamba. Kwenye kamera zenye shata la chuma linaloshuka wima, giza hilo hulala juu au chini ya picha badala ya kusimama ubavuni, lakini sababu ni hiyohiyo.

Basi: waya kwenye X, kasi 60 au chini ya hapo. Naamini umepona. Ila usiniamini mpaka uone mwenyewe, na kuona hakuhitaji filamu. Bei ya roli siku hizi unaijua.

Toa filamu, fungua mlango wa nyuma, zungusha lenzi uitoe. Ingia chumba chenye giza kiasi, elekeza kamera na flashi kwenye ukuta mweupe, weka jicho nyuma pale filamu inapokaa, bonyeza. Kwenye X na 60 utaona dirisha lote limejaa mwanga, pembe nne. Weka 125: utaona kipande. Hamishia FP: chumba kitaangaza, lakini dirishani hakuna kitu. Ukifanya mara tano hutasahau tena. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huanzia hapo, kabla sijawapa bisibisi.

Sasa, ikiwa kwenye X na 60 bado kuna kivuli kidogo pembeni, jaribu 30. Kikiondoka, umeme hauna kosa. Mafuta ya ndani ya shata yameganda kwa uzee na pazia la kwanza linajikokota. Hapo anatakiwa fundi wa kamera wa kweli, wa kusafisha na kupima shata, na mpaka utakapompata piga kwa 30.

Na ikiwa flashi haiwaki kabisa, anza na waya. Ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi unakatikia shingoni mwa plagi, ndani, huku nje unaonekana mzima. Bonyeza kwanza kitufe cha majaribio nyuma ya flashi. Ikiwaka, taa na betri ni salama. Kisha waya ukiwa kwenye flashi lakini nje ya kamera, gusanisha msumari wa katikati wa plagi na ganda lake la nje kwa klipu ya karatasi iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Usitumie vidole, sababu inakuja. Ikiwaka, waya ni mzima na kosa liko kwenye kamera. Isipowaka, nunua waya. Kuuchomelea risasi unaweza, lakini kwenye kipande chembamba kama kile kazi huwa haidumu.

Kwa upande wa kamera, weka kasi B na bonyeza bila kuachia. Ukiwa na mita ya fundi umeme, tundu la X linatakiwa lioneshe mguso muda wote shata likiwa wazi. Lisipoonesha, mara nyingi ni uchafu tu. Pamba yenye spiriti kidogo, na kuingiza na kuchomoa plagi mara kadhaa, hurudisha nyingi. Ile betri ndogo chini ya kamera usihangaike nayo. Ni ya kipima mwanga peke yake. Shata la Spotmatic ni la springi, na flashi haiombi chochote kutoka kwenye betri hiyo.

Betri za flashi ndizo za kutazama. Vivitar 283 hula nne ndogo, za saizi AA, na hula haswa. Zile betri za bei nafuu za redio zitaiwasha, lakini utasubiri taa ya utayari mpaka bwana harusi amalize kukata keki. Weka za alkalini. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma vya chumba cha betri, betri za alkalini zikiwa zimevuja ukoko huo husafishwa kwa siki au ndimu kwenye pamba ya masikioni, halafu spiriti, halafu uache pakauke kabisa. Flashi iliyolala kabatini miaka mingi nayo huwa nzito kuamka: kapasita yake inasahau kushika chaji. Iwashe, acha dakika kadhaa taa ikishawaka, ifyatue kwa mkono, rudia mara sita saba. Nyingi huchangamka.

Kuhusu kuifungua, nilishasema usimpe, na sababu haiishii kwenye pesa. Ndani ya flashi kuna kapasita yenye volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki na chaji hata betri zikiwa mezani. Nilipokuwa mwanafunzi niliigusa moja iliyokuwa imezimwa tangu asubuhi. Bisibisi ilitua upande wa pili wa chumba, na mkono ulikuwa wa mtu mwingine kwa nusu saa.

Jambo la mwisho, la rafiki atakayekuja kuazima. Vivitar 283 za mwanzo hupitisha volti zaidi ya 200 kwenye ile misumari inayogusana na kamera, na za baadaye ni chini ya 10, na kwa sura huwezi kuzitofautisha kirahisi. Spotmatic haijali, mguso wake ni chuma kwa chuma. Kamera nyingi za kidijitali zinajali sana. Flashi hiyo isipandishwe juu ya kamera ya dijitali mpaka mtu mwenye mita aipime.

Kwa harusi ijayo: namba ya mwongozo ya 283, yaani kipimo cha nguvu ya mwanga wake, ni 36 kwa mita, filamu ikiwa ISO 100. Gawa kwa umbali upate namba ya f ya tundu la lenzi. Bibi harusi akiwa mita 3, 36 kwa 3 ni 12, basi weka namba ya karibu yake kwenye lenzi, f/11. Akisogea mpaka mita 4 na nusu, f/8.