Kazi za ushauri Uingereza: fanya hesabu ya viza kabla ya usaili

Kila Septemba simu yangu hujaa ujumbe kutoka kwa wadogo zangu waliotua Uingereza kusoma shahada ya uzamili. Wanataka kuingia Deloitte, PwC, KPMG, EY, Accenture, au hata kampuni ndogo ya ushauri wa biashara ambayo hakuna mtu nyumbani amewahi kuisikia. Swali lao halibadiliki: "Kaka, niseme nitahitaji kudhaminiwa viza, au ninyamaze kwanza wanipende?"

Sema. Fomu yenyewe itakuuliza, na kabla hujaanza kazi mwajiri analazimika kisheria kukagua kama unaruhusiwa kufanya kazi. Utafichia wapi? Tena anayekupenda kwenye usaili mara nyingi si yeye anayeamua. Nilipokuwa Manchester, kampuni moja ilinipitisha hatua zote mpaka ya mwisho, ndipo idara ya rasilimali watu ikauliza viza yangu inaisha lini. Bosi aliyenisaili alinipigia mwenyewe kunipa pole: alinitaka kwenye timu yake, ila sera yao ilikuwa kutodhamini wahitimu wapya, na sera hiyo ilikuwepo kabla sijaandika barua ya maombi. Tangu hapo sijamshauri mtu apoteze nguvu kumshawishi msaili kuhusu viza. Tafuta sera kwanza.

Sera hiyo inatokana na hesabu, na hesabu yenyewe si siri. Aprili 2024 serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa viza ya Skilled Worker (ile ya kazi, inayodhaminiwa na mwajiri) kutoka paundi 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Mwaka huohuo magazeti yaliripoti kwamba Deloitte na KPMG zimefuta ofa walizokwisha kuwapa baadhi ya wahitimu wa kigeni, kwa sababu mishahara yao haikufika huko. Julai 2025 kima kikapanda tena hadi 41,700. Wengi husoma namba hiyo wakakata tamaa, bila kujua kwamba anayetoka kwenye viza ya mwanafunzi au ile ya Graduate (ya kubaki na kufanya kazi baada ya kuhitimu) huhesabiwa kuwa mgeni kazini, na kima chake ni paundi 33,400 au asilimia 70 ya mshahara wa kawaida wa kazi hiyo, kutegemea ipi ni kubwa.

Hapa ndipo mahali pa ofisi panapoleta tofauti. Kampuni hiyohiyo humlipa mhitimu wa London zaidi ya yule wa Birmingham au Leeds, lakini kima cha viza ni kimoja nchi nzima. Kuna watu wanachagua ofisi ya mkoani kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu, kumbe mshahara wa huko haufiki kwenye mstari. Ukiona tangazo halitaji mshahara, uliza kabla ya kujaza fomu.

Punguzo la mgeni kazini lina mwisho: miaka 4 tu, na muda unaokaa kwenye viza ya Graduate unahesabiwa humo. Viza hiyo huna haja ya kudhaminiwa, ni miaka 2, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 itakuwa miezi 18 (wenye shahada ya uzamivu wanabaki na miaka 3). Sasa chukua programu ya wahitimu ya miaka 3, kama zile ambazo mtu hufanya kazi huku akisomea mitihani ya uhasibu. Mwajiri anajua viza yako itakatika katikati. Kwake wewe ni mtu wa kudhaminiwa tangu siku ya kwanza, hata ukimwambia "kwa sasa sihitaji chochote".

Kuna jambo ambalo hata maofisa ajira wengine hawalijui, nawe unaweza kulitaja bila aibu. Mwajiri mkubwa anayedhamini hulipa tozo ya ujuzi, kwa sasa paundi 1,320 kwa kila mwaka wa udhamini. Kwa miaka 3 inafika 3,960, na haruhusiwi kukudai wewe. Ila ukihama moja kwa moja kutoka viza ya mwanafunzi kwenda Skilled Worker, tozo hiyo hailipwi. Ukipitia Graduate kwanza, inalipwa. Nawe mwenyewe unaokoa ada ya viza ya Graduate pamoja na tozo ya afya ya paundi 1,035 kwa mwaka.

Tatizo la njia hiyo fupi ni kalenda. Uzamili wa huko ni mwaka mmoja, na programu nyingi za ushauri hufungua maombi kabla au mara tu unapofika, kwa kazi itakayoanza Septemba inayofuata. Wakati wewe unatafuta chumba na koti la baridi, nafasi zinajaa. Andaa wasifu wako na mazoezi ya majaribio ya mtandaoni ukiwa bado Dar au Mombasa.

Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini iko wazi kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Kampuni isiyokuwemo, iache. Iliyomo, bado iandikie barua pepe fupi: mnadhamini programu hii, kwa ofisi hii, mwaka huu? Jibu la "tutaona baadaye" mimi nalihesabu hapana. Pia epuka timu zinazohudumia serikali, hasa ulinzi. Kibali chao cha usalama kwa kawaida kinataka uwe umeishi Uingereza miaka 5.

Kama umesomeshwa na Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, soma mkataba wako kabla ya yote haya, kwa sababu unakutaka urudi nyumbani miaka 2. Hapo ofisi za Nairobi na Dar es Salaam za kampuni hizihizi ndizo za kuandikia, na uandike ukiwa bado chuoni.