Re: Msimamizi ameniandikia "rifleksiviti iko wapi?" kwenye tasnifu ya wakulima wa mwani. Niandike nini?

Mdogo wangu, nirudie swali lako kwa ufupi ili na wengine wafuate. Umehoji kinamama 18 wanaolima mwani Micheweni, Pemba, umeandika sura ya mbinu, msimamizi amekurudishia na hilo neno moja pembeni. Waliokujibu hapo juu wamegawanyika. Mmoja anasema andika aya ya kujitambulisha, umri, jinsia, kwenu wapi, yaishe. Mwengine anasema hayo ni mambo ya yule mwekezaji George Soros na masoko ya fedha, hayakuhusu. Kila mmoja kashika ncha moja ya kamba na hajaivuta.

Neno hili linabeba mambo mawili, na tasnifu nyingi zinaharibika kwa kuyachanganya. Kiswahili kina njia nzuri ya kulionesha. "Anaosha" na "anajiosha" zinatafautiana kwa -ji- tu: kitendo kimemrudia mtendaji. Rifleksiviti ni hiyo -ji- ikiingizwa kwenye maarifa. (Usiliite "urejeshi". Kwenye sarufi yetu urejeshi ni wa "aliyekuja" na "ambaye", mtahini wa Kiswahili atakukata hapo hapo.) Sasa, kinachorudi ni nini? Mara nyengine ni kauli, inayoirudia hali iliyoielezea na kuibadilisha. Hiyo naiita mrejeo. Mara nyengine ni mtafiti, anayejigeuzia vyombo vyake mwenyewe. Huko ni kujichunguza.

Tuanze na mrejeo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri upepo mkali, upepo hausikii redio. Wavuvi wanasikia, ngalawa zinabaki ufukweni, lakini kusi ni lile lile. Kauli juu ya watu haziko hivyo. Chukua kituo kimoja cha mafuta Chake Chake, kwa mfano tu. Tangi lina lita 9,000. Kwa siku vinakuja vyombo 300, bodaboda, vespa na gari, wastani lita 10 kila kimoja, yaani lita 3,000. Mafuta yanatosha siku tatu na meli inashusha kesho kutwa. Hakuna uhaba. Usiku inapita sauti ya WhatsApp kuwa mafuta yanakwisha. Asubuhi vinakuja vyombo vile vile 300, ila kila mtu anajaza tangi na dumu juu yake, wastani lita 30. Tisa elfu zimekwisha kabla ya alasiri. Aliyetuma ile sauti sasa anaonekana mjuzi, na mara nyengine atakapotuma ataaminiwa zaidi.

Mwanasosholojia Robert Merton aliueleza mwendo huu mwaka 1948 kwa mfano wa benki nzima iliyoangushwa na uvumi, akijenga juu ya kauli ya W. I. Thomas na Dorothy Thomas ya 1928: watu wakiiona hali kuwa ni ya kweli, matokeo yake yanakuwa ya kweli. Upande wa pili nao upo. Ikitangazwa kuwa boti ya mkesha wa Idi itajaa, watu wanasafiri siku moja kabla na boti inaondoka na viti vitupu. Mwanafalsafa Karl Popper, 1957, alizijumlisha pande zote mbili kwa jina la athari ya Oedipus, utabiri unaoligusa tukio lenyewe, uwe unalileta au unalizuia.

Ili kujua kama mrejeo upo kweli, tafuta viungo vitatu: kauli, watu wanaoisikia na kuiamini, na kitendo chao kinachogusa jambo lile lile lililosemwa. Kimoja kikikatika hakuna kitanzi. Karafuu ni mfano mzuri. Wakulima wote wa Pemba wanaweza kuamini bei itapanda, lakini bei inapangwa na Serikali na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo imani yao haiifikii bei moja kwa moja. Inaweza kugusa mengine, kama kuweka gunia stoo au magendo, bei haiigusi. Mnada wa samaki sivyo. Pale dalali akiamini kesho hakuna samaki, anapandisha leo, na kupanda kwake kunawathibitishia wengine kuwa samaki hakuna. Hiyo ndiyo hoja ya Soros katika kitabu chake cha 1987, naye alisoma kwa Popper pale London School of Economics. Soros ametajwa hapo juu kwa haki, ila yeye ni tawi moja la mti huu.

Tawi jengine linatuhusu zaidi Wazanzibari, nalo ni majina ya makundi. Tazama hesabu za watu za wakati wa ukoloni. Katika ile ya 1924 waliojiandikisha kuwa Waswahili walikuwa maelfu kwa maelfu. Ilipofika 1931 wamebaki wachache, na majina kama Shirazi, Mhadimu na Mtumbatu yamejaa. Watu hawakuhama nchi, walihama safu kwenye karatasi. Kundi lilikuwa na maana katika haki na heshima, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata makundi. Karani anadhani anahesabu kitu kilichopo. Anayehesabiwa anaangalia jina lipi litamfaa, na hesabu ijayo inamkuta pengine. Mwanafalsafa Ian Hacking aliliita jambo hili kitanzi: ukiwapa watu jina wanabadilika, wakibadilika jina nalo halibaki kama lilivyokuwa.

Na hapa ndipo linapokugusa wewe na kinamama wako. Katika yale mahojiano uliyobandika, mama mmoja anasema "tumewezeshwa", mwengine "sisi ni wajasiriamali". Maneno hayo hayakuota Micheweni. Yametoka kwenye ripoti na semina, yakaja pwani na miradi, sasa yanarudi kwako wewe ukiyachukua kama ushahidi kuwa uwezeshaji umetokea. Anthony Giddens alilieleza tangu 1976: wanasosholojia wanafasiri watu ambao tayari wanajifasiri wenyewe, na tafsiri za wataalamu nazo zinateremka mitaani. Kazi ya kufanya: pitia mahojiano yote 18, pigia mstari kila neno la semina (kuwezeshwa, fursa, ujasiriamali, kujitegemea, changamoto), na uandike pembeni nani kalitaja kwanza, wewe au yeye. Kama wewe ndiye uliyeuliza "je, mwani umekuwezesha?", jibu la "ndiyo umeniwezesha" ni mwangwi wa sauti yako, litoe kwenye hesabu. Likitoka kwake, rudi umuulize limemfanya afanye nini ambacho mwaka juzi hakukifanya. Akikwambia kaezeka bati kwa fedha yake bila kumuuliza mume, hicho ndicho cha kuandika, na neno "kuwezeshwa" unaweza kuliacha.

Sasa kujichunguza, ambako msimamizi wako ndiko alikolenga. Alvin Gouldner alilidai mwaka 1970: mwanasosholojia asijitoe nje ya sosholojia yake. Pierre Bourdieu, khasa katika kitabu cha 1992 alichokiandika na Loïc Wacquant, alitaja tabaka tatu za upotofu, yaani mambo yanayoupindisha mtazamo wa mtafiti bila yeye kujua. Ya kwanza ni nafasi ya mtafiti katika jamii. Ya pili ni nafasi yake kwenye uwanja wa taaluma: shahada anayoitaka, msimamizi wake, mada zinazopata fedha. Ya tatu ni ule upotofu wa kusoma wenyewe, wa mtu aliyekaa kitini kudhani wanaofanya kazi wanaiona kazi yao kama anavyoiona yeye kwenye jedwali. Wanafunzi wanaandika ukurasa mzima juu ya ya kwanza, ya tatu hawaigusi, na huko ndiko data inakofia.

Iko kwenye dodoso lako, swali la 9: "Kwa wiki unafanya kazi saa ngapi shambani?" Mwani haujui wiki. Kazi ya kupiga vigingi, kufunga mbegu kwa tai-tai (vikamba vidogo) na kuvuna inafuata bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakitoka mbali karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu shamba liko chini ya maji. Mama akisikia "kwa wiki" anakumbuka bamvua lililopita, tuseme siku sita za saa tano, anakwambia thalathini. Wewe unazidisha kwa nne, unapata saa 120 kwa mwezi. Kumbe bamvua kwa mwezi ni mawili, kwa hiyo ni saa 60. Umemzidishia kazi mara mbili, na hakuna aliyesema uongo. Makosa yamo kwenye wiki uliyoibeba kutoka ofisini. Uliza hivi: bamvua lililopita uliingia pwani siku ngapi? Siku ya mwisho ulitoka nyumbani saa ngapi, ukarudi wakati gani? Na saa iandikwe kwa Kiswahili kama ilivyotamkwa. Kugeuza saa tatu ya asubuhi kuwa namba 9 kufanyike mara moja tu, mwishoni, na mtu mmoja.

Tabaka ya kwanza nayo usiipuuze, ila ichuje. Sifa yako inaandikwa ikiwa ingeweza kubadilisha jibu fulani, na jibu hilo unalitaja. Kuwa na miaka 24 pengine hakubadilishi kitu. Kama ami yako ni mnunuzi wa mwani, kunabadilisha kila kauli kuhusu bei, hata kama hukuwaambia, maana Pemba wanajua wewe ni mtoto wa nani kabla hujamaliza kuamkia.

Uwenyeji una tundu lake. Wewe ni Mpemba, kwa hiyo wanakuachia nusu ya sentensi: "mambo yenyewe si wajua, mwanangu." Fungua maandishi ya mahojiano kwenye kompyuta, tafuta "si wajua", "si unajua", "kama unavyoona". Kila ilipo, hapo pana shimo, na wewe umelijaza kwa unayoyajua ya kwenu. Zihesabu kwa kila mahojiano. Yenye nyingi rudi nayo kwa mama yule yule, umwambie: hebu nieleze kama mgeni aliyeshuka leo Mkoani. Na ukiuliza "kuna shida gani?" ukajibiwa "Alhamdulillah", hiyo ni adabu, usiiandike kuwa hakuna shida. Uliza kitu kinachoshikika: kamba ngapi zimeharibika kaskazi iliyopita?

Kisha sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani. Umepita kwake kama inavyotakiwa, akakupa mtu wa kukupeleka. Hakuna ubaya, ila kila mahojiano yawe na mistari minne: nani alikuwepo, mlikaa wapi, nani alieleza kwanza umekuja kwa nini, na ulipomaliza uliombwa nini. Hilo la mwisho linasema mengi. Aliyekuomba jina lake liingie kwenye orodha alikuchukulia kuwa mtu wa msaada, na umasikini aliokueleza ulielekezwa kwa mtu wa msaada.

Mistari hiyo ikishakamilika unaweza kuandika kitu kama hiki (tarakimu ni za mfano, weka zako): "Mahojiano 11 kati ya 18 yalifanyika nyumbani, mbele ya mtu aliyetumwa na sheha. Katika hayo, wawili walilalamikia bei ya mnunuzi. Katika 7 yaliyofanyika pwani bila yeye, walilalamika watano. Kwa hiyo maelezo ya kuridhika na bei katika sura ya nne hayakutegemea yale 11." Hapo mtahini atakaa sawa. Ila usikimbilie kusema mtu wa sheha ndiye aliyewaziba midomo, maana mambo mawili yamebadilika kwa pamoja, mtu na mahali. Pwani kinamama wako pamoja, mmoja akianza kulalamika wengine wanapokea. Liseme hivyo hivyo.

Kipimo changu cha aya ya rifleksiviti ni kuifuta. Ukiifuta na hakuna tokeo hata moja linalotikisika, ilikuwa pambo. Ndiyo maana haikai sehemu moja: nusu ukurasa kwenye mbinu, iliyobaki ndani ya matokeo, pale pale inapouma. Na usiungame. Ukurasa wa "nilijihisi nina upendeleo" haumsaidii msomaji. Shajara ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, iliyochapishwa 1967 wakati mwenyewe keshafariki, ilishtua watu kwa hasira zake juu ya watu wa visiwa vya Trobriand aliowatafiti, lakini kuijua hasira bado hakukwambii ni ukurasa gani wa vitabu vyake uusome kwa tahadhari.

Kuna atakayekuuliza siku ya utetezi: na huko kujichunguza kwako nako nani kakuchunguza? Swali hilo ni la zamani, na halina kina kama linavyosikika. David Bloor, 1976, aliweka rifleksiviti kuwa kanuni ya nne ya mpango wake wa kuyachunguza maarifa kisosholojia: maelezo tunayoyatoa juu ya maarifa ya wengine yaweze kutumika juu yetu pia. Kusema imani ina sababu za kijamii si kusema ni ya uongo, kwa hiyo kauli haijiangushi yenyewe kama ile ya "sentensi hii si kweli". Anayejiangusha ni anayesema hakuna ukweli wowote, kisha anataka hilo lishikwe kuwa kweli. Mjibu mtahini kuwa umezunguka mara moja, umeonesha matokeo yaliyobadilika, na mzunguko wa pili utaufanya ukibadilisha jengine.

Kama hukuandika ile mistari minne wakati ule, rudi kwenye sauti ulizorekodi. Sikiliza dakika mbili za mwanzo na mbili za mwisho za kila moja. Utasikia kikohozi cha mtu mwengine chumbani, mtoto akitumwa nje, na maneno yanayokuja baada ya wewe kusema tumemaliza. Ambako ulizima simu mapema, andika kuwa ulizima.