Adui wa Riwaya Hiyo Tunamjua

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza: riwaya ya kusisimua ya baharini, yenye siri za kale na hatari ya mazingira, iwekwe wapi katika pwani yetu? Mahali si tatizo. Ni hapa Tanga, baina ya Mwambani na Tongoni. Tongoni kuna makaburi ya nguzo, na jirani yake, mwaka 1499, Wareno waliichoma wenyewe São Rafael, merikebu ya msafara wa Vasco da Gama, kwa uhaba wa mabaharia. Chini, kwenye mapango ya kilindini, yupo silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka pamoja na dinosaria hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Siri gani tena mnataka?

Kilichonikaba koo ni kingine: adui atakuwa nani? Waandishi nawajua, mtatuletea mzungu mwenye nyambizi anayesaka dhahabu. Mimi nasema adui ni mpiga bomu, mvuvi anayeua samaki kwa baruti, mtoto wa hapa hapa, na asionewe huruma hata ukurasa mmoja.

Nilikuwa na mjomba kwenye ngalawa, mwishoni mwa kaskazi, tunavua changu kwa mshipi. Mlio wa bomu si ule wa sinema. Ulipita chini kwanza, ubao ukanigonga nyayo, ndipo masikio yakasikia. Mjomba hakushtuka. Alikunja mshipi taratibu, akasema, "Shika kafi." Nikadhani tunakimbia, kumbe tunakwenda kule kule. Maji yalikuwa yamechafuka rangi ya uji, vibua wanaelea matumbo juu, na wengi zaidi, mjomba akanionyesha, wamezama na hawataokotwa na mtu. Vijana wawili walikuwa wakizamia. Mmoja, mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba," mjomba akaitikia, naye akaanza kuokota.

Kijana akatutupia kolekole mzima, akasema ni wa bibi. Bibi alipompasua, damu ilikuwa imevilia kwenye uti na nyama inaachana na mwiba kabla ya moto. Akamtia tui zito, tukala. Nilipomuuliza mjomba kwa nini hakuripoti, alisema baruti haioti ufukweni, inatoka kwa wenye machimbo, na mnunuzi wa mnadani humjua samaki wa bomu kwa kumbonyeza tu.

Miamba ilipobaki vifusi, mjomba na wenzake wakashusha majarife, nyavu kubwa, kilindini kutafuta papa. "Juu kumekwisha," alisema. Tangu 2003 majarife ya namna hiyo yakaanza kupandisha silikanti nchini, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Kwa hiyo siri ya kale na hatari ya mazingira ni kamba moja, na yule kijana ameshika ncha tu.

Basi adui huyo ndiye awe mhusika mkuu, huyo huyo kijana wa mkono mmoja. Ila nina masharti: asitubu mwishoni, na aliyemuuzia baruti apewe sura nzima pamoja na mnunuzi. Polisi wakimkamata sitapinga, maana alistahili kukamatwa hata siku ile aliyotutupia kolekole.

Msomaji, Tanga