Agosti ya 2027 msiondoke

Swali la wiki hii linauliza: siasa zinapotugawa, mtu achague vipi upendo na matumaini? Mimi ni mwenye nyumba Likoni, Mombasa, upande wa Timbwani. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na wapangaji wangu wametoka kila pembe ya Kenya. Nitajibu nikiwa papo hapo nilipo. Upendo wa kuhubiriwa jukwaani nimeusikia sana, na kila uchaguzi ukikaribia nimewaona watu wakiusikiliza, wakaitikia amina, kisha wakaenda kukata tiketi.

Hizo tiketi ndizo ninazotaka kuzizungumzia. Asiyekaa Mombasa huenda halijui jambo hili, lakini sisi tumelizoea hadi tumeacha kulishangaa. Mwaka wa uchaguzi, ifikapo Julai, mabasi ya Mwembe Tayari hujaa na nauli hupanda. Mama na watoto hutangulizwa Kisumu, Busia, Machakos, Murang'a. Mume hubaki siku chache akiangalia hali, kisha naye hufuata. Ukiwauliza, watakwambia wanaenda kuwasalimia wazee. Wapo ambao ni kweli, na wapo walioandikishwa kura huko kwao. Lakini wako wengi wanaokimbia, na wanaona haya kutuambia kwamba wanaotukimbia ni sisi, tuliofuturu nao sahani moja.

Mpangaji wangu mmoja ni fundi wa nguo, Mjaluo, na kibarazani kwangu ndipo anaposhonea. Kabla ya uchaguzi wa 2017 alinijia jioni amekumbatia kichwa cha cherehani. Chini ya sindano kulikuwa bado kumebanwa gauni la harusi la binti wa jirani, mkono mmoja umeshashonwa, wa pili una pini tupu. Akasema, "Mama, niwekee hii mpaka nirudi." Nikamuuliza, "Mwanangu, kwani kuna mtu amekwambia neno?" Akanijibu, "Hakuna, mama. Lakini sitaki kungoja mpaka aniambie." Mahakama ya Juu ikabatilisha matokeo ya urais tarehe 1 Septemba, kura ikarudiwa tarehe 26 Oktoba, na fundi wangu hakuonekana mpaka Novemba. Binti wa watu akaolewa na gauni la kuazima.

Kwa hivyo mimi nikisikia "mgawanyiko wa kisiasa" siyafikirii matusi ya mikutanoni. Naifikiria ile cherehani chini ya kitanda changu miezi yote ile. Mtu hajaguswa, hajatukanwa, na bado ameondoka. Hofu hiyo ina mizizi, na hatuwezi kumwambia mtu aache kuogopa bila kuutaja mwaka 1997.

Tarehe 13 Agosti mwaka huo, miezi minne na kidogo kabla ya uchaguzi mkuu, kundi la vijana wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni. Waliua askari, wakaiba bunduki, wakachoma. Walikuwa wamelishwa kiapo na kufunzwa katika msitu wa Kaya Bombo, na ndiyo maana sisi wa huku tunaviita vita vya Kaya Bombo. Waliolengwa walikuwa watu wa bara. Watu zaidi ya mia moja walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama, wengine wakalala katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ikaja baadaye kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, na waliosoma ripoti yake wanajua kuwa mikono ya siasa haikukosekana. Kisha likaja lile ambalo watu wa bara hawalisikii mara nyingi: misako. Vijana wa Kidigo, wenyeji wa huku, walikamatwa ovyo, wakapigwa, na wengine mpaka leo mama zao hawataki kusikia king'ora. Kila upande una kilio chake, na kila upande unajua kilio chake tu.

Siku zile mamangu alimficha mwalimu wa Kikamba na familia yake katika chumba cha uani. Mke na mabinti aliwavisha mabuibui yake na ya dada zake, akapanda nao feri mchana kweupe hadi kisiwani, akiwasemesha njia nzima kwa Kidigo ingawa hawakuelewa hata neno. Mwalimu mwenyewe alivuka usiku kwa njia nyingine. Mamangu hakuwa mwanasiasa wala hakuwahi kukaa katika kamati yoyote ya amani. Alisema tu kwamba mtu akilala nyumbani kwako, shingo yake iko juu ya shingo yako. Nikiulizwa upendo ni nini wakati wa siasa kali, sina jibu kubwa kuliko hilo: ni mwenyeji kumhakikishia aliye mchache mtaani kwamba mlango wake utalindwa, kura yake iwe ya nani iwayo.

Nimesema mwenyeji, na hapa niseme wazi. Tunapenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni maneno mazuri. Lakini mtu aliyezalia watoto wake hospitali ya hapa, anayelipa maji ya hapa, aliyezika mtoto wake makaburi ya hapa, tutamwita mgeni mpaka lini? Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote katika Kenya. Hiyo si hisani yangu kwake.

Wala simwambii Mdigo mwenzangu anyamaze kwa jina la amani. Dhuluma ya ardhi Pwani ni ya kweli. Tuna watu wamezaliwa juu ya kiwanja, wamezeekea juu yake, na bado wanaitwa maskwota kwa sababu hati imeandikwa jina la mtu wasiyemwona. Kazi za bandarini nazo zina kilio chake. Amani ya kuambiwa "tulieni" huku haki haisogei haijawahi kudumu, na mimi siitaki. Ninachosema ni kwamba fundi wangu wa nguo hakuichukua ardhi ya mtu. Naye anapanga chumba.

Mwaka 2019 tuliliona hilo kwa macho. Serikali ilipoamuru makontena yapandishwe treni ya SGR, ile reli mpya, moja kwa moja hadi Nairobi, Mombasa ilianza kukauka. Madereva wa malori wakakaa bure, makuli wakakaa bure, na akina mama wa kuuza chakula Changamwe na Miritini wakarudi na masufuria yamejaa. Watu wakatoka barabarani kuandamana, na barabarani hapo hukuweza kuwatenga Wapwani na wabara, kwa sababu njaa ilikuwa moja. Amri ile iliondolewa Septemba 2022. Sisemi maandamano pekee ndiyo yaliyoiondoa, siasa ilikuwa na hesabu zake. Lakini tulijifunza kwamba malalamiko ya Mombasa yanaweza kusemwa na kila anayeishi Mombasa, na yakisemwa hivyo yana nguvu zaidi.

Sasa niingie kwenye matumaini, ambayo ndiyo nusu ya pili ya swali. Yangu yametoka 2022. Mwaka huo tulikutana mapema, wenye nyumba wachache wa mtaa wetu pamoja na mzee wa mtaa, tukakubaliana mambo madogo. Kodi ya Agosti haipandi na hakuna mpangaji atakayeambiwa ahame mwezi huo. Kundi letu la WhatsApp la mambo ya maji lisipitishe sauti ya mtu asiyejulikana. Ukiipokea, mpelekee mzee wa mtaa, yeye ndiye atakayepiga simu kuuliza. Vijana wa zamu ya usiku wakae wawili wawili, na wawili hao wasiwe wa kabila moja. Tulipita chumba kwa chumba kuwaambia wapangaji haya, kwa sababu ahadi iliyotolewa kikaoni haimfikii aliyejifungia ndani.

Akina mama tukaongeza letu. Chama chetu cha kuchangishana pesa kina mzunguko, kila wiki mmoja anapokea. Tulipopanga zamu, wiki ya kura tulimpa fundi wa nguo. Alinitazama, akaelewa. Pesa za zamu hupokelewa mkononi, mbele ya wenzako, na asiyekuwepo husubiri mwisho wa orodha. Alikuwa amepanga kununua mashine ya kudarizi.

Na mwaka wenyewe haukuwa mwepesi. Siku moja kabla ya kura, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba kura ya ugavana Mombasa imeahirishwa kwa sababu picha na majina kwenye karatasi za kura yamechanganyika. Ikasogezwa hadi tarehe 23, kisha tarehe 29 Agosti. Wiki karibu tatu mji mzima ulikaa roho juu, huku kesi ya urais nayo ikielekea Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi tarehe 5 Septemba. Zilikuwa siku nzuri sana kwa mchochezi, na wachochezi walikuwepo, sauti zilitufikia. Mtaani kwetu hakuna mlango uliovunjwa. Fundi alipokea zamu yake kibarazani, tukampigia vigelegele, na kesho yake alikuwa anashona.

Hofu ya sasa haifanani na ile ya zamani. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, wanangu walitoka pamoja na watoto wa wapangaji wangu, wakipaza sauti kwamba hawana kabila. Nilifurahi na niliogopa kwa pamoja, na nililia kwa ajili ya akina mama ambao watoto wao, sehemu mbalimbali za nchi, hawakurudi. Tangu hapo mgawanyiko umeingia ndani ya nyumba: wazee wanataka utulivu, vijana wanauliza utulivu wa nani. Na tangu Raila Odinga afariki tarehe 15 Oktoba 2025, hata wale tuliodhani ni kambi moja hapa Pwani wamegawanyika, huyu yuko na serikali jumuishi, ile iliyounganisha watu wa Raila na wa Rais Ruto, yule hataki kuisikia. Najua ndugu wa tumbo moja wasiosemezana kwa ajili hiyo. Kwangu tumewekeana sharti moja tu: atakayeondoka ukumbini kwa hasira sharti arudi kula. Chakula hakianzi bila yeye. Kijana wangu na mimi bado tunabishana, na sitaki aache.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Wenye nyumba wenzangu wa Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, msingoje Julai. Waulizeni wapangaji wenu sasa hivi watakuwa wapi siku hiyo, na kama jibu ni "tutaenda kusalimia", kaeni chini muulize vizuri. Nanyi wapangaji mnaoishi huku miaka nenda miaka rudi, nendeni IEBC, tume ya uchaguzi, mkahamishe kura zenu mpige hapa mlipo. Shule za wanenu, taka za mtaani na maji ya mfereji vinaamuliwa hapa, na watakaonung'unika kwamba mmekuja kubadilisha matokeo, waleteni kwangu tuzungumze.

Orodha ya zamu za chama za mwaka huo tumeshaanza kuizungumza. Wiki ya kura tumependekeza apewe mpangaji mpya wa chumba cha mwisho, ametoka Kitui na mumewe ni dereva wa tuktuk. Amesema atamuuliza mumewe kwanza.