Kuta za ghorofani, nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umeuliza kuta za ghorofani za nyumba yako ya Mji Mkongwe, Zanzibar, utumie saruji, jipsamu au chokaa. Kuta za nje zipige lipu ya chokaa. Ukuta wa mawe na chokaa hufyonza unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi husukuma lipu, na baada ya muda inabanduka vipande vipande.

Gonga lipu ya zamani kwa kifundo cha kidole. Inapolia utupu, bandua mpaka jiwe lionekane, piga brashi, lowesha vizuri. Changanya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, ndoo 1 kwa 3 za mchanga usio na chumvi (wa ufukweni usiuguse kabisa). Kila koti (tabaka la lipu) milimita 10 hivi, na lisikauke haraka: funika magunia mabichi siku kadhaa, la sivyo litapasuka nyufa. Juu yake paka chokaa. Rangi ya mafuta huziba ukuta kama saruji tu.

Ukuta wa kugawa chumba usijenge kwa matofali ya saruji. Mita moja ya mraba ya tofali la inchi 6 hupita kilo 200, na boriti za mikoko tayari zimebeba sakafu nzito ya mawe. Weka fremu ya mbao zilizotiwa dawa na bodi za jipsamu za milimita 12 pande mbili, kama kilo 25 tu kwa mita ya mraba. Bafuni tumia bodi ya saruji, kwani jipsamu ya kawaida huvimba.

Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kitangulie.