Lita sita za siki: nilivyoanza kutengeneza mvinyo nyumbani

Mwaka wa kwanza nilipata siki. Sisemi mvinyo wenye uchachu kidogo, nasema siki kamili, ile ya kukufumbisha macho ukiinusa tu. Lita sita. Nilimpelekea kikombe mzee jirani yetu hapa Dodoma, mtu wa Hombolo aliyelima mizabibu tangu ujana wake, nikitumaini ataniambia bado inaokoleka.

"Nzuri sana kwa kachumbari," akasema.

"Babu, mimi nilikuwa natengeneza mvinyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya niambie mjukuu wangu, ulikuwa unaufunua mara ngapi kuuangalia?"

Kila siku, nikamjibu. Siku nyingine mara mbili.

"Basi ndiyo hiyo. Ulikuwa unaulisha hewa."

Tangu siku hiyo nimetengeneza misimu kadhaa, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia habari ya hewa kabla ya habari ya zabibu. Wiki ya kwanza hewa haina shida, hamira inaihitaji ili izaliane. Baada ya hapo hewa ni mwizi. Bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki hawawezi kazi yao bila hewa, na mimi nilikuwa nimewaachia ya kutosha: lita sita za mvinyo ndani ya ndoo ya lita 20, juu yake nafasi tupu kama ukumbi wa harusi, na mfuniko unaofunguliwa kila jioni.

Kwa hiyo anza na kilo 10 za zabibu, zisizidi. Zitakupa kama lita 6, kiasi ambacho hata kikiharibika hutalia sana. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, mara moja kwenye mvua, kuanzia Februari hivi, na tena kiangazi, Agosti na Septemba. Mimi nanunua za kiangazi. Za masika mara nyingi zimekunywa maji, sukari imepungua, na ukipekua ndani ya kichane unakuta punje zilizooza. Zabibu nyekundu ya Makutupora ndiyo rahisi kupatikana na ndiyo ninayoipenda. Usidanganyike na rangi, punje huwa nyeusi kabla haijawa tamu. Onja. Kama huwezi kula kichane kizima bila kukunja uso, mwachie muuzaji zabibu zake.

Vyombo sasa. Ndoo iwe mpya au iliyokuwa na chakula. Ndoo ya rangi, hata uisugue mwezi mzima, hapana. Ndoo ya mafuta ya kupikia nayo inabaki na harufu, na mvinyo unanyonya harufu kama mtoto anavyonyonya. Sufuria ya alumini isiguse kitu hiki, maana zabibu zina asidi. Utahitaji ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, madumu mawili ya maji ya kunywa ya lita 5, chupa moja ya lita moja, kitambaa cheupe chepesi, na mpira mwembamba angavu, ule ambao mafundi ujenzi wanapimia levo. Vyote vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, kisha vile vinavyostahimili vimwagiwe maji yaliyochemka. Dumu likimwagiwa maji ya moto linajikunja, lenyewe lisuuze kwa maji yenye jiki kidogo, halafu maji safi tena na tena mpaka harufu iishe. Najua usafi unachosha. Usiuruke.

Zabibu nazo zipitishe majini haraka, kwa sababu wakulima wanapiga dawa ya ukungu wa ubwiri, kisha ziache zikauke. Nyambua punje, tupa vijiti. Ponda kwa mikono. Kuna dada mmoja alinifuata analalamika mvinyo wake una ukakasi kama ganda la ndizi mbichi. Kumbe alisaga kwa blenda. Blenda inapasua mbegu, na uchungu mwingi umo kwenye mbegu.

Huo mchuzi pamoja na maganda yake ndio unaingia kwenye ndoo. Chukua kijiko kimoja cha chai cha hamira, ilowanishe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka itoe povu, mimina. Hamira ya mvinyo ni bora zaidi ukiipata, haiachi harufu ya mkate na inastahimili kilevi kingi. Lakini mimi misimu miwili ya mwanzo nilitumia ya maandazi, ile ya dukani kwa Mangi, na watu walikunywa. Funika kwa kitambaa tu, kifunge kwa kamba vizuri ili vile vidudu vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu visiingie, maana navyo vinabeba wadudu wa siki miguuni.

Kesho yake asubuhi, au hiyo keshokutwa, utakuta maganda yamepanda juu yamejipanga kama blanketi, na ukisogeza sikio unasikia ndani kunachemka kama soda iliyomiminwa sasa hivi. Lizamishe hilo blanketi kwa mwiko safi asubuhi na jioni. Rangi yote inatoka kwenye maganda, na maganda yakikaa juu makavu yanaota ukungu. Ukizamisha utaona povu la zambarau linafura kwa kishindo, kwa hiyo ndoo isijae zaidi ya robo tatu. Mimi mara ya kwanza nililiona limemwagika sakafuni, na sakafu ile ya saruji ina doa mpaka leo.

Kuhusu sukari watu wanabishana sana. Hesabu yenyewe ni hii: gramu 17 za sukari katika lita moja zinatoa kama asilimia moja ya kilevi. Zabibu iliyoiva vizuri ina sukari ya kukufikisha asilimia 11 au 12 bila kuongeza hata kijiko. Ukinunua haidromita, kile kifimbo cha kioo kinachoelea kupima sukari, itasoma kama 1.085 mwanzoni, na mwisho itashuka chini ya 1.000. Ndicho kifaa pekee ninachokushauri ukitolee hela.

Siku ya sita au ya saba, chemko likipoa, kamua kwa kitambaa. Hapa ndipo hewa inapogeuka mwizi. Jaza dumu moja mpaka shingoni kabisa, kinachobaki weka kwenye chupa ya lita moja, nayo ijae. Toboa mfuniko, pitisha mpira wa dripu wa duka la dawa, ziba pembeni kwa nta ya mshumaa, na ncha ya pili ya mpira iingie kwenye glasi ya maji. Gesi itatoka ikibwabwaja, hewa haitarudi. Dumu wala ile chupa visifungwe vikakaza bila njia ya gesi. Weka mahali penye kivuli, kisha jishughulishe na maisha yako.

Baada ya wiki tatu hivi utaona mashapo yametuama chini kama matope ya mtoni. Weka dumu juu ya meza, lile dumu la pili likiwa safi chini, vuta kwa mpira ule wa levo, na ncha ya kuvutia isifike kwenye matope. Ile lita moja ya pembeni ndiyo ya kujazia pengo linalobaki. Rudia baada ya mwezi au zaidi. Ukiweza kupata vidonge vya salfaiti, kimoja kwa kila lita nne na nusu kinausaidia mvinyo kukaa, ila mwenye pumu nyumbani mwambie kabla hajanywa.

Kuweka kwenye chupa, usiwe na haraka. Mwaka wa pili niliona mvinyo umekaa kimya, nikaonja nikaona mkavu, nikaongeza sukari kikombe kizima, nikafunga chupa, nikazipanga kabatini chini ya mashuka. Usiku wa manane mlio kama wa risasi. Mume wangu aliruka na panga akidhani tumevamiwa. Tulikuta vioo kwenye mashuka na chumba kizima kinanukia kama altareni. Hamira ilikuwa haijafa, ilikuwa inasubiri kupewa chakula. Siku hizi naweka chupani haidromita ikisoma namba ileile, chini ya 1.000, siku tatu mfululizo, na anayetaka utamu aweke kwenye glasi yake mwenyewe.

Walio mbali na Dodoma wananiuliza watumie nini. Rozela. Gramu 80 za maua makavu, kilo moja ya sukari, maji yatakayofikisha lita 5. Chemsha, acha ipoe kabisa, chuja, hamira. Kamulia ndimu moja, hamira inapenda. Nanasi nalo linafaa, ila linachemka kwa fujo.

Mambo mawili watu huniuliza kwa sauti ya chini. La kwanza, je, hautapofusha kama gongo? Mvinyo uliochachushwa tu na kuchujwa hauna shida hiyo. Hatari iko kwenye kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake, na hilo usijaribu, sheria nayo hairuhusu. La pili, kuuza. Wa kunywa na wageni wako ni jambo moja. Ukitaka kuuza kuna leseni, kuna alama ya ubora ya TBS, kuna stempu za kodi za TRA, na jiko langu halifai kwa hayo.

Wamisionari walioleta mizabibu huku walitaka divai ya misa, na mpaka leo wazee wengi hapa wanaita divai hata ile ya baa. Mzee wangu wa Hombolo ni mmoja wao. Msimu wa tatu nilimpelekea chupa iliyokaa miezi sita. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha, akanusa, akanywa funda, akanyamaza. Akanywa la pili.

"Hii ni divai," akasema. Kisha akageuka jikoni kuangalia kama mama watoto amemaliza kukata vitunguu. "Na ile nyingine ya kachumbari, haijabaki hata kidogo?"