Jibu: Lami ya kuingilia nyumbani Uyole, Julai inafaa?
Ndugu, kwamba Julai hakuna mvua ni kweli, lakini subiri Septemba au Oktoba. Baridi ya Julai huku Mbeya inaipoza lami ya moto upesi mno, hasa tabaka jembamba la sentimita 5 kama la nyumbani. Ikishuka chini ya nyuzi 80 hivi haishindiliki tena: inabaki na vitundu, na mvua za Novemba zinaingia humo humo. Ukilazimika, anzeni saa tano jua likishapanda, na lori lije limefunikwa turubai.

Halafu mtaro, tafadhali sana! Maji yakituama chini ya kokoto zinazobeba lami, lami itakatika tu hata iwe nene. Nyufa ziba kila Oktoba, zikiwa kavu.